Michezo ya mtandaoni yenye pande nyingi: nguvu ya upande inatoka wapi?

Kijana akipakua kwenye simu mchezo mmoja wa mtandaoni wenye pande zinazopigana, ulizo la kwanza analouliza wenzake ni hili: "Upande gani uko na nguvu?" Anataka kuingia kwa washindi. Ni jambo la kueleweka, juu mega inanunuliwa kwa makuta, na hakuna anayependa kumaliza makuta yake akiwa upande unaopigwa kila siku.

Lakini ulizo hilo lina jibu refu kuliko wengi wanavyofikiria. Waundaji wa michezo hii wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 20, na michezo mikubwa ya dunia ilibidi ibadilishe kanuni zake kwa ajili yake. Makala hii inaeleza pande hizo ni nini, zinalinganishwa namna gani, na mtu wa huku kwetu aangalie nini mbele ya kuchagua.

Neno moja kwanza. Wachezaji wengi wanasema "kundi" au "kambi". Kwa mkaaji wa Kiwanja na Rutshuru maneno hayo mawili yanakumbusha mambo mengine kabisa, tena mazito. Kwa hiyo hapa tutasema "upande", na kila upande unaotajwa ni wa hadithi tu.

Mchezo wa namna hii ni nini?

Ni mchezo ambamo maelfu ya watu wanaingia pamoja katika dunia moja ya hadithi, kwa njia ya intaneti. Kila mtu anatengeneza mhusika wake: anampa jina, silaha, mavazi na kazi. Mhusika huyo anakua pole pole, leo anakata miti kwa shoka dhaifu, kisha miezi michache anavaa chuma na kubeba upanga mkali. Ukizima simu, dunia ile inaendelea. Wengine wanabakia ndani wakilima, wakiuza, wakipigana.

Dunia hiyo mara nyingi imegawanywa. Mchezo mmoja una pande mbili, mwingine tatu, mwingine sita. Watu wa upande mmoja wanasaidiana na kushindania ardhi na wale wengine. Tofauti na mpira, hakuna mwamuzi anayehesabu kama kila timu iko na wachezaji 11. Upande mmoja unaweza kuwa na watu 200 uwanjani, na mwingine 40. Hapo ndipo matatizo yote yanaanzia.

Mfano unaoingia kwenye simu: Albion Online

Michezo mingi mikubwa ya aina hii inahitaji ordinateri yenye nguvu. Albion Online inachezwa pia kwenye simu za Android na iPhone, na ndiyo sababu ni mfano mzuri kwa huku. Imetengenezwa na kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin, Ujerumani. Ilitoka rasmi tarehe 17 Julai 2017 kwa wenye kuinunua, ikawa ya bure Aprili 2019, na ikafika kwenye simu Juni 2021. Mwezi wa Machi 2021 vita vya pande vilifanyiwa matengenezo makubwa.

Pande zake ni miji sita. Mitano imepangwa kama duara, kila mji ukiwa na majirani wawili. Wa sita uko katikati. Hivi ndivyo inavyolinganishwa:

Lymhurst ni mji wa msitu. Kwake kuna mbao nyingi. Mafundi wake wanapata faida wakitengeneza pinde na panga.

Bridgewatch iko katika nyika kavu, nchi ya wanyama na ngozi. Mafundi wake wanapata faida kwenye visu vya kupigana na fimbo za laana.

Martlock ni mji wa vilima na mawe. Hapo shoka na fimbo za baridi ndizo zinatengenezwa kwa faida.

Thetford iko kwenye matope na maji, ambako nyuzi za kutengenezea nguo zinapatikana kwa wingi. Mafundi wake wanajulikana kwa marungu na fimbo za moto.

Fort Sterling ni mji wa milima ya theluji na madini. Nyundo, mikuki na fimbo za kuponya wenzako zinatengenezwa vizuri hapo.

Caerleon ni mji wa katikati. Ukitoka mlangoni mwake kwa miguu unaingia katika maeneo mekundu, yaani maeneo ambamo mtu akikuua anachukua vyote ulivyobeba. Caerleon iko na soko kali, na faida yake iko kwenye mapishi na vifaa vya kuvunia. Mtu mpya asikimbilie huko.

Ukisoma orodha hiyo unaweza kusema: "Basi anayependa upinde aende Lymhurst." Hapo wengi wanakosea. Faida hizo ni za mahali, na kila mtu anaweza kuzitumia. Mtu aliyejiandikisha Thetford anaweza kutembea mpaka Lymhurst kama raia, atengeneze upinde wake pale, na arudi nyumbani kuupigania upande wake. Hata majoho ya miji, yale yenye nguvu maalum, yanauzwa sokoni. Joho la Thetford linamrushia adui radi, la Lymhurst linakurudishia nguvu ya kutumia uchawi, la Martlock linapunguza maumivu ukikaribia kufa. Mwenye Silver, ndiyo makuta ya mchezo huo, anavaa analotaka, hata kama ni joho la mji anaopigana nao.

Kwa kifupi, waundaji hawakuupa upande wowote silaha ambayo wengine hawawezi kupata. Kwenye karatasi miji mitano ya duara iko sawa.

Kwa nini hakuna mji unaoweza kuishi peke yake

Kuna jambo lingine lililopangwa kwa akili, na mchuuzi wa soko la Kiwanja atalielewa mara moja. Kila mji una mali ghafi moja kwa wingi, lakini mahali pazuri pa kuisafisha ni mji mwingine.

Mbao za Lymhurst zinasafishwa vizuri Fort Sterling. Madini ya Fort Sterling yanasafishwa vizuri Thetford. Nyuzi za Thetford zinasafishwa Lymhurst. Ngozi za Bridgewatch zinapelekwa Martlock, na mawe ya Martlock yanapelekwa Bridgewatch.

Tofauti yake inaonekana kwa hesabu. Ukisafisha magogo 100 katika mji wa kawaida, mchezo unakurudishia karibu 15. Ukiyapeleka mji unaofaa, unarudishiwa karibu 36. Kwa mtu anayesafisha maelfu, hiyo ni tofauti ya faida na hasara. Ni sawa na maharagi ya Rutshuru: bei yake shambani haifanani na bei yake Goma, na anayejua barabara ndiye anayepata.

Matokeo ni kwamba upande "unaoshinda" vita bado unategemea mali inayopita kwa adui zake. Wafanyabiashara wakubwa wa mchezo huu hawajali sana nani ameshika ngome gani leo. Wanajali kama njia inapitika.

Nguvu ya kweli: hesabu ya watu, na saa zao

Kama silaha ni sawa na mali inazunguka, mbona siku zingine ramani yote inageuka rangi moja? Jibu ni watu.

Katika Albion, ngome ndogo za kila eneo zinashikwa na wale wanaofika wengi na wakakaa. Watu 30 wenye vifaa vya kawaida, wanaomsikiliza kiongozi mmoja, wanaweza kufukuza watu 15 wenye vifaa vya bei kali. Na watu wanafuata ushindi. Mtu mpya anaona Martlock inashika maeneo mengi, anaingia Martlock. Kesho yake wengine 10 wanafanya vile vile. Nguvu inazaa nguvu, mpaka pande zingine zinakata tamaa na watu wao wanaacha kuingia.

Kitu cha pili ni saa. Upande unaweza kuwa na watu wengi kwa hesabu ya jumla, lakini wote wanalala saa moja. Wale wengine wanaamka, wanakuta ngome hazina mtu, wanazichukua bila kupigana. Wachezaji wa zamani wanasema kushinda usiku kucha hakuhitaji ushujaa, kunahitaji watu wasio na usingizi.

Kwa mtu wa Kivu ya Kaskazini jambo la saa lina maana ya pekee. Albion iko na dunia tatu zilizotengana, kila moja na seva zake: ya Amerika inayowekwa Washington, ya Asia iliyofunguliwa Machi 2023 huko Singapore, na ya Ulaya iliyofunguliwa Aprili 2024 huko Amsterdam. Mhusika wako katika dunia moja hahami kwenda nyingine.

Saa ya Kiwanja inalingana na ya Amsterdam, au inaitangulia kwa saa moja tu wakati wa baridi ya Ulaya. Ukiingia saa mbili za usiku (20h00) baada ya kazi, Ulaya pia wametoka kazini, na ramani imejaa watu. Wakati huo huo Washington bado ni mchana, saa saba au saa nane, na Singapore ni saa nane za usiku wa manane. Kwa hiyo upande unaosifiwa na mtu anayecheza dunia ya Amerika unaweza kuwa dhaifu kabisa katika dunia ya Ulaya. Ukimuuliza mtu upande gani uko na nguvu, muulize kwanza: katika dunia gani, na saa ngapi?

Pande mbili: funzo la World of Warcraft

Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii ni World of Warcraft, wa kampuni ya Marekani inayoitwa Blizzard. Ulitoka Novemba 2004 ukiwa na pande mbili tu: Alliance na Horde. Alliance ni ya binadamu, watu wafupi wa milimani na wenzao. Horde ni ya orc, troll na jamii zingine zenye sura za kutisha.

Mwanzoni pande hizo hazikuwa sawa hata kwenye karatasi. Paladin, askari anayelinda na kuponya wenzake, alipatikana Alliance peke yake. Shaman, mganga anayesimika vitu vinavyoongezea wenzake nguvu, alipatikana Horde peke yake. Wachezaji walibishana kila siku nani amependelewa. Januari 2007 Blizzard ilifungua milango: Horde ikapata Paladin, Alliance ikapata Shaman.

Ugomvi haukuisha. Kila jamii ilikuwa na kipawa chake kidogo. Binadamu wa Alliance walikuwa na kipawa cha kujifungua wakifungwa na uchawi wa adui, na wapiganaji wengi wa kushindana mtu kwa mtu wakakimbilia Alliance. Upande wa pili, troll wa Horde walikuwa na kipawa cha kuharakisha mapigo yao, na vyama vikubwa vinavyowinda majoka vikahamia Horde. Vipawa vyenyewe vilikuwa vidogo. Lakini wakubwa walipohama, wadogo waliwafuata, juu kila mtu alitaka kucheza na walio bora. Baada ya miaka michache karibu vyama vyote vya mbele katika uwindaji huo vilikuwa Horde, na mtu wa Alliance aliyetaka kufika mbali alikosa wenzake.

Katika toleo la zamani la mchezo huo, lililofunguliwa upya Agosti 2019, ilionekana wazi zaidi. Katika seva kadhaa upande wenye watu wachache ulikuwa unauawa barabarani kila saa. Watu wake wakachoka, wakahama au wakaacha. Upande mkubwa ukabakia peke yake, na sasa hauna wa kupigana naye. Washindi wakaanza kulalamika kwamba mchezo hauna ladha.

Blizzard ilijaribu dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Desemba 2018: upande wenye watu wachache katika vita vya wazi uliongezewa zawadi, mpaka 30 kwa 100. Watu walirudi kidogo, wengine kwa ajili ya zawadi tu. Dawa ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Mwisho wa Mei 2022, baada ya miaka 17, watu wa Alliance na Horde waliruhusiwa kuingia pamoja katika safari za kuwinda. Mwaka 2023 wakaruhusiwa kuwa katika chama kimoja. Hadithi ya uadui ilibakia, lakini ukuta uliokuwa unatenganisha marafiki ulitobolewa.

Pande tatu: jirani wawili wanaweza kumkamata mkubwa

Michezo mingine ilichagua njia tofauti tangu mwanzo. Dark Age of Camelot, iliyotoka Marekani Oktoba 2001, ilikuwa na falme tatu: Albion, Hibernia na Midgard. (Hiyo Albion haina undugu na Albion Online.) Kila ufalme ulilinda vitu vyake vitakatifu ndani ya ngome. Ukiiba vya wengine, watu wako wote wanaongezewa nguvu.

Inaonekana kama kanuni ya kumnenepesha aliyenenepa tayari. Lakini ufalme wa tatu ndio ulikuwa dawa. Mkubwa akishika vitu vingi, falme mbili zilizobaki ziko na sababu moja ya kumwendea, hata bila kuandikiana mapatano. Akipeleka jeshi lake kaskazini, kusini kunabakia wazi. Kwa pande mbili, dhaifu hana wa kumsaidia. Kwa pande tatu, dhaifu wawili ni mzigo mzito.

Guild Wars 2, iliyotoka Agosti 2012, ilifuata mfano huo: timu tatu katika ramani moja kubwa. Hata hivyo, hesabu ya watu iliharibu mambo tena. Timu zingine zilikuwa na watu mchana na usiku, zingine jioni tu. Mwaka 2016 waundaji walianza kuunganisha timu ndogo na kubwa. Mwaka 2024 wakaenda mbali zaidi: sasa vyama vinagawanywa upya katika timu mpya kila baada ya wiki kadhaa, ili hakuna upande unaokaa juu miaka yote.

Duara la Albion Online linafanya kazi karibu na ile ya falme tatu. Mji ukikua sana, unagusana na majirani wawili kwa wakati mmoja, na kila eneo jipya ni eneo jipya la kulinda. Haimaanishi kwamba mkubwa anaanguka kila mara. Inamaanisha kwamba kukaa juu kunamgharimu zaidi kuliko kupanda.

Namna ya kupima upande mwenyewe

Kutokana na hayo yote, mtu anayetaka kuchagua anaweza kuangalia mambo manne.

Kwanza, watu wake wako wangapi saa unayocheza wewe. Ingia siku tatu kwa saa yako ya kawaida, ukiwa bado raia, na utazame ramani na mazungumzo ya kila mji. Usifuate picha ya mchana kama unacheza usiku.

Pili, kama wanasikilizana. Upande wenye kiongozi anayesema "tukutane hapa, tuondoke sasa" uko na nguvu kuliko upande wenye watu wengi wanaotukanana. Angalia pia lugha. Vikosi vingi vinazungumza Kiingereza, vingine Kifaransa, Kireno au Kihispania. Mkongomani anayejua Kifaransa vizuri na hajui Kiingereza atafaidika akitafuta chama cha wanaozungumza Kifaransa, hata kama mji wao si wa kwanza.

Tatu, zawadi zinagawanywa namna gani. Kila upande katika Albion unatoa "mioyo" yake, kitu kinachotumika kutengenezea majoho na wanyama wa kupanda. Ikiwa watu wengi wanapigania mji mmoja, mioyo yake inajaa sokoni na bei inashuka, sawa na mahindi wakati wa mavuno. Mioyo ya mji wenye watu wachache inakuwa adimu. Mara ingine mtu wa upande mdogo anashindwa vita vingi na bado anaingiza Silver kuliko mwenzake wa upande mkubwa.

Nne, marafiki zako wako wapi. Vijana watano wa mtaa mmoja walio upande wa kati wanacheza vizuri kuliko mmoja aliyepotea ndani ya upande mkubwa ambako hakuna anayemjua.

Kisha chukua tahadhari. Katika maeneo ya manjano, mtu wa upande mwingine akikushinda unaanguka tu na unaamka, vifaa vikiwa vimechakaa kidogo. Katika maeneo mekundu na meusi unapoteza vyote ulivyobeba. Kanuni ya wachezaji wa zamani ni moja: usivae kitu ambacho hauwezi kununua tena kesho. Na kwa kuwa waundaji wanabadilisha kanuni mara kwa mara, soma maelezo ndani ya mchezo mbele ya kujiandikisha.

Makuta, mega, na wazazi

Mchezo ni wa bure kuingia, lakini kuupakua na kuufanyia matengenezo kunakula mega nyingi kuliko kucheza kwenyewe. Anayeweza apakue mahali penye wifi. Mtandao ukikatika katikati ya vita, mhusika wako anabakia amesimama pale na adui hamsubiri. Siku ambazo mtandao unayumba ni siku za kulima na kuuza mjini, si za kwenda maeneo mekundu.

Kuna uanachama wa kulipia unaoitwa Premium, unaoharakisha kukua. Hauhitaji karta ya benki kuupata, juu mchezaji anaweza kubadilisha Silver yake kuwa dhahabu ya mchezo na kuununua kwa hiyo. Inachukua kazi ya muda mrefu, lakini inawezekana.

Jambo la kujihadhari: kununua au kuuza Silver kwa dola halisi nje ya mchezo ni marufuku kwa kanuni za kampuni, na akaunti inaweza kufungwa kabisa. Anayekuambia umtumie makuta kwa simu ili akupe Silver anaweza kuchukua makuta na kupotea, na hauna pa kumshitaki. Usimpe mtu yeyote neno lako la siri, hata akisema ni kiongozi wa upande wako.

Kwa wazazi: mtoto akisema "tumevamiwa na Thetford", anazungumza juu ya mji ambao hauko popote duniani. Ulizo la maana kwenu ni muda na makuta. Anacheza saa ngapi? Nani ananunua mega? Kuna watu gani anaozungumza nao usiku ambao hamuwajui? Vita vya upande vinamvuta mtu kwa sababu wenzake wanamngojea, na ni vigumu kuwaambia "mimi nalala". Mtoto anayeweza kusema hivyo bila aibu anaucheza mchezo. Asiyeweza, mchezo unamcheza yeye.

Basi, upande gani uko na nguvu?

Katika michezo yote iliyotajwa hapa, upande wa kwanza ulibadilika kila watu walipohama. Vipawa na silaha vilianzisha ubishi, lakini hesabu ya watu, saa zao na kusikilizana kwao ndiyo yaliamua. Na kila mara upande mmoja ulipomeza mwingine, washindi nao walikosa mchezo, na waundaji wakalazimika kufungua mlango, kuongeza zawadi kwa wachache, au kugawanya watu upya.

Kwa anayeanza leo kwenye simu yake, jibu fupi ni hili: chagua mji ambao watu wake wako macho saa yako, wanazungumza lugha unayoisikia, na wanakungoja mkikubaliana kukutana. Kama mji huo ndio wa mwisho kwenye ramani wiki hii, usiogope. Majirani wa mkubwa wanatafuta watu.